Shajara ya mradi: kuigawa upya bendi ya 900, Newala na Tandahimba

Mei, wiki ya pili

Kazi imepitishwa. Tutachukua kipande cha bendi ya megahezi 900, ambacho miaka yote kimekuwa cha 2G, tuweke 4G humo, tukianza na minara ya Newala na Tandahimba. Hakuna mnara mpya utakaojengwa. Masafa ni yaleyale tuliyo na kibali chake, minara ni ileile. Kinachobadilika ni nani anayatumia masafa hayo na kwa teknolojia gani. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, na kwa yeyote wa huku kusini anayejiuliza kwa nini Newala mjini intaneti inakimbia, lakini ukitoka kilometa chache kuelekea mashambani simu inabaki na alama ya E pale juu, na picha moja ya WhatsApp inazunguka mpaka unakata tamaa.

Jibu liko kwenye urefu wa wimbi. 4G yetu ya sasa iko 1800 na 3G iko 2100. Wimbi la 2100 lina urefu wa sentimeta 14 hivi, la 1800 karibu 17, la 900 ni 33. Masafa yakizidi mara mbili, mawimbi yanapoteza desibeli 6 zaidi kwa umbali uleule, na hapo hatujaweka kizuizi chochote njiani. Sasa weka mikorosho. Mkorosho haubaki mtupu kiangazi kama mbuyu. Mwaka mzima una majani mazito, na mashamba ya zamani ya Tandahimba matawi yameshikana kiasi kwamba mchana kweupe chini yake kuna kiza. Mawimbi mafupi yanaishia humo. Ya 900 nayo hudhoofika, ila yanatokea upande wa pili yakiwa bado na nguvu ya kumfikia mtu.

Jambo hili si geni duniani. Ulaya ilitoa agizo mwaka 1987 kwamba 900 itengwe kwa ajili ya GSM peke yake, na ikalilegeza mwaka 2009 baada ya kuona bendi nzuri kuliko zote imefungiwa teknolojia moja. Finland ilishawasha 3G kwenye 900 tangu 2007. Hapa kwetu masafa yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na mabadiliko kama haya hayafanywi kimyakimya: chaneli gani, nguvu kiasi gani, mnara upi, vyote vinaandikwa.

Kuna mwenzetu aliuliza kwenye kikao kwa nini tusisubiri 700, ambayo ilipigwa mnada mwaka 2022 pamoja na 2300, 2600 na 3500. 700 inafika mbali kuliko 900, sibishi. Lakini simu nyingi za bei nafuu zilizo mikononi mwa watu hazishiki 700, ilhali 900 zinaishika. Bendi isiyosomwa na simu ya mkulima haimsaidii mkulima.

Mei, mwishoni

Hesabu za kugawa. Hapa ndipo mradi ulipo, nitakaa kidogo.

Kwenye 900 tuna megahezi 10 za kutoka mnarani kwenda kwenye simu, na 10 za kurudi. 2G inakata masafa vipande vya kilohezi 200, kwa hiyo tuna chaneli 50. 4G haikubali kukatwa hovyo. Ina saizi zake: megahezi 1.4, 3, 5, 10, 15 au 20. Ukichagua 10 umeiua 2G yote. Ukichagua 3 umeiacha 2G inapumua vizuri, ila 4G yenyewe inakuwa nyembamba mno, na kijiji kikiingia mtandaoni jioni kwa pamoja watu watasema hakuna kilichobadilika. Tumekubaliana 5.

Zinabaki chaneli 25 za 2G. Moja inaachwa wazi ukingoni ili teknolojia hizi mbili zisigusane, zinabaki 24. Kati ya hizo, 12 zinakuwa chaneli za utambulisho, zile ambazo simu inazisikiliza kwanza kabla ya kujiunga na mnara. Kwa minara ya sekta tatu, yaani yenye antena zinazotazama pande tatu, 12 zinatosha kuzunguka minara minne kabla hujarudia chaneli ileile. Nyingine 12 ni za maongezi, na zitakuwa zinarukaruka ili mwingiliano usimkalie mtu mmoja muda wote wa simu yake.

Ni pembamba. Sekta iliyokuwa na redio nne za 2G, kila moja na chaneli yake, inabaki na mbili. Redio moja ina nafasi 8, mbili zina 16, ukitoa mbili za uendeshaji unabaki na watu 14 wanaoongea kwa wakati mmoja. Tukiwasha usimbaji wa nusu, nafasi moja inabeba maongezi mawili, tunafika 28. Sauti inapungua ubora kiasi. Kwa Newala mjini na Tandahimba mjini tutahamishia mzigo mkubwa wa 2G kwenye 1800, maana mjini wateja wako karibu na mnara. Vijijini hakuna ujanja huo.

Juni, wiki ya kwanza

Tumepima kabla ya kugusa chochote. Gari kwa barabara ya Nanyamba hadi Tandahimba, Mahuta, Newala, Kitangari; bodaboda kwa njia za mashambani, simu za kupimia zikiwa kwenye begi mgongoni. Ndio wakati wa kupulizia salfa, na asubuhi unakuta vumbi lake la manjano linaning'inia juu ya mikorosho na mashine zinaunguruma kila upande. Tulijifunika vitambaa puani kama wenyeji.

Ramani iliyotoka inaeleweka hata kwa asiye fundi. Pembeni mwa kila mnara kuna duara dogo la 4G, halafu eneo kubwa la 2G peke yake, halafu mapengo ya giza kwenye mabonde na chini ya ukingo wa uwanda. Lile eneo kubwa la katikati ndilo tunalolitaka.

Kijiji kimoja bondeni, chini ya Newala, kilinikalisha muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mama mmoja ni wakala wa pesa za simu. Kitochi chake kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli kwenye nguzo ya mbele ya kibanda, kwenye urefu wa macho yake, kioo kikiangalia nje. Hakitoki pale. Mteja akija kutoa pesa, mama anasogea kwenye nguzo, anabonyeza akiwa amesimama, bila kukigusa zaidi ya vidole vya kubonyezea, kwa sababu kikihama hata shubiri moja, mtandao unapotea. Nikamwangalia akihudumia mzee mmoja. Menyu ikaja, akaandika namba, akaandika kiasi, kabla ya namba ya siri ikaandika muda umeisha. Akarudia. Mzee alikuwa ametulia, inaonekana ndiyo kawaida.

Nilimwamkia, nikamweleza tunachokuja kufanya. Akaniuliza: "Sasa mwanangu, hiyo ya kasi mkiileta, hii yangu itazimika?"

Nimelirudisha swali lile ofisini kama lilivyo, kwa sababu ndilo swali la mradi mzima. Pesa ya simu ya kitochi inapita kwenye 2G. Simu ya kuita bodaboda usiku mjamzito akizidiwa inapita kwenye 2G. Hata mwenye simu janja, akiwa yuko 4G halafu akapigiwa, na simu yake au laini yake haijawezeshwa maongezi ya 4G, inabidi ishuke 2G au 3G kupokea. Kwa hiyo anayefinya 2G bila kupima anawaumiza wote wawili.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mauzo wanalisahau. Kitochi kwenye 900 kinaruhusiwa kurusha hadi wati 2. Simu ya 4G inarusha wati 0.2, sehemu ya kumi. Mnara unasikika na simu zote mbili vizuri tu, tatizo ni mnara kuisikia simu. 4G inajitetea kwa kukusanya nguvu yake ndogo kwenye kipande chembamba cha masafa, lakini pale mwisho kabisa wa eneo, kitochi bado kinafika mahali ambapo simu janja imeshanyamaza. Wanaosema tuzime 2G moja kwa moja kwa kuwa ni ya zamani waje kwanza wasimame kwenye ile nguzo.

Nimeandika kwenye waraka wa mradi, kwa herufi kubwa: hakuna sekta itakayopunguzwa 2G kama hesabu ya saa ya pilika, ile yenye simu nyingi kuliko zote, inaonyesha watu wataanza kukataliwa simu. Ikibidi sekta hiyo isipate 4G ya 900 kwa sasa, isipate.

Juni, katikati

Mpaka. Mto Ruvuma ndio mpaka wetu na Msumbiji, na Newala imekaa ukingoni mwa uwanda, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, inaliangalia bonde lote. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu anajua macho yanafika wapi. Mawimbi nayo ni hivyohivyo.

Hapo pana mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni la jirani. Ng'ambo nao wana kampuni zinazotumia 900. Tukiwasha 4G kwa nguvu huku juu, tunawamwagia kelele wao, na wao wanatumwagia sisi. Ndiyo maana nchi hukaa pamoja na kukubaliana viwango vya nguvu inayoruhusiwa kuvuka mstari, na kugawana namba za utambulisho wa seli, yaani eneo linalohudumiwa na sekta moja. 4G ina 504 tu, na mkiwa na namba moja pande zote mbili za mto, simu ya kando ya maji haijui inamsikiliza nani. Watu wa kando ya Ruvuma wanalifahamu hili kwa njia yao. Simu ikijiunga na mtandao wa ng'ambo, saa inarudi nyuma kwa saa moja, kwa sababu wenzetu wa Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Mwanafunzi anaamka kwa kengele ya simu, anafika shule wenzake wako kipindi cha pili.

La pili ni la vijiji vya chini ya ukingo. Antena ya mnara haimwagi mawimbi kila upande kama taa ya chemli. Mwale wake kwa wima ni mwembamba, nyuzi kumi hivi. Ukiuacha umenyooka, unapita juu ya vichwa vya watu wa bondeni na kwenda kutua mbali, Ruvuma na ng'ambo yake. Chukua kijiji kilicho mita 500 chini ya antena na kilometa 3 mbele yake. Ili mwale ulenge pale unahitaji kuuinamisha nyuzi 9 na nusu. Sekta ile inayotazama bonde tumeikuta na mwinamo wa nyuzi 2. Kwa mwinamo huo mwale unagusa ardhi iliyo mita 500 chini kwenye kilometa ya 14. Kitochi cha mama wakala kilikuwa kinaokota mabaki.

Habari njema ni kwamba dawa ya yote mawili ni moja. Ukiinamisha antena, unampa mama mtandao na unampunguzia jirani kelele. Wanaopoteza ni wachache walio katikati ya bonde, waliokuwa wakishika kwa bahati, na hao tumewawekea sekta ya mnara mwingine wa chini.

Julai, wiki ya kwanza

Fundi amepanda kufunga mabano mapya na kubadili mwinamo. Antena zenyewe zinajiinamisha kwa mota hadi nyuzi 10, lakini tumechanganya: kidogo kwa mota, kidogo kwa mabano. Upepo wa kusi wa Julai pale ukingoni si wa mchezo. Walisubiri hadi alasiri ukapungua.

Redio mpya zinabeba 2G na 4G kwa pamoja, hazikuleta shida. Kiungo cha mikrowevu, kinachobeba data kutoka mnarani kwenda Newala mjini, kimeongezwa uwezo. Betri ziko sawa.

Julai, wiki ya tatu

Usiku wa kuhama kundi la kwanza la minara. Tulianza saa saba usiku. Kwanza kuondoa chaneli 25 kwenye 2G, kisha kupanga upya zile 24, kisha kuhakikisha simu za 2G zinapita kila sekta, ndipo 4G iwashwe. Mpangilio huu nilisisitiza na wenzangu wa Dar walikubali: 2G ikishindikana, 4G haiwashwi, tunarudisha kila kitu kabla ya alfajiri. Saa kumi kasoro 2G ilikuwa imetulia. 4G iliwaka muda mfupi kabla ya adhana.

Asubuhi takwimu zikaonyesha kitu cha kuudhi. Simu zinaiona 4G, mistari imejaa, lakini zikijaribu kutuma zinakwama. Kelele kwenye njia ya kurudi ilikuwa juu, hasa sekta zinazotazama magharibi.

Chanzo ni Masasi. Kundi la Masasi bado halijahamishwa, chaneli zile 25 kule bado ni za 2G. Kati ya uwanda wa Newala na Masasi ardhi inashuka, na minara ya Masasi mingine iko juu ya vilima vya mawe. Kwa hiyo vitochi vya upande ule, kila kimoja na wati zake 2, vinasikika kwenye antena zetu zilizoko juu. Simu janja ya mtu wa Kitangari yenye wati 0.2 inapiga kelele katikati ya mkutano wa watu wenye vipaza sauti.

Ukanda wa kinga, yaani minara ya pembeni inayoziacha wazi chaneli zile ili isitusumbue, ulikuwemo kwenye mpango, upana wake ndio haukutosha kwa nchi ya miinuko kama hii. Kwenye tambarare ya pwani, Mikindani au Mtwara mjini, mnara mmoja katikati ungetosha. Hapa inabidi uangalie nani anamwona nani, si nani yuko karibu na nani. Tumechora upya kwa kutumia ramani ya mwinuko: minara yote ya Masasi inayouona uwanda ana kwa ana imeondolewa zile chaneli 25, ingawa yenyewe haipati 4G ya 900 kwa sasa. Mzigo wake wa 2G umehamia 1800 kwa muda. Nimewaomba wenzangu wa Masasi radhi kwa kuwaongezea kazi wasiyovuna matunda yake bado, nao wameifanya vizuri sana.

Agosti, mwanzoni

Kelele imeshuka. 4G ya 900 inatuma na kupokea. Tumepita tena njia zilezile na begi lilelile. Lile eneo kubwa lililokuwa la 2G peke yake sasa limejaa 4G sehemu kubwa. Katika yale mapengo ya giza yamebaki mabonde mawili ambayo hayatapata mtandao wowote bila mnara mpya. Hayo yameandikwa kwenye orodha ya kuombewa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa sababu hakuna ugawaji wa masafa unaoweza kupenya kilima kizima, na si haki kuwaambia watu wa huko kwamba mradi huu umewafikia.

Kasi yenyewe si ya kujivunia mjini. Megahezi 5 ni 5. Anayetaka kuangalia mpira wa moja kwa moja jioni, kijiji kizima kikiwa mtandaoni, atakwama. Lakini ujumbe wa sauti unakwenda, picha inafunguka, mwalimu anapakua mitihani ya mazoezi akiwa shuleni badala ya kupanda bodaboda hadi Newala, na katibu wa chama cha msingi anatuma taarifa za ghala akiwa kwenye ghala.

2G: sekta tatu zilianza kukataa simu kati ya saa moja na saa tatu usiku. Mbili zimepona kwa kuwasha usimbaji wa nusu mapema zaidi. Ya tatu tumeirudishia redio moja na kuizimia 4G ya 900, kama waraka ulivyosema. Kuna aliyelalamika kwamba inaharibu ramani. Ramani itangoja mpaka sekta ile ipate nafuu nyingine.

Agosti, mwishoni

Nimepita kwa mama wakala. Kitochi kiko palepale kwenye nguzo, kwa mazoea, lakini alikifungua mpira akanionyesha kinafanya kazi mezani, ndani, amekaa. Nilimwona akitoa pesa mara moja bila kurudia. Kijana wake ana simu janja na sasa anauza bando. Mama alinipa embe bichi na chumvi, tukazungumza kuhusu bei ya salfa.

Ameuliza kama watu wa kijiji cha jirani, upande wa mashariki, nao watapata. Ni moja ya yale mabonde mawili. Nimemwambia ukweli, kwamba bado, na kwa nini.

Septemba, wiki ya pili

Kuanzia sasa tunasimamisha mabadiliko yote. Minada ya korosho inaanza Oktoba, TANECU, chama kikuu cha ushirika, inauza ya Newala na Tandahimba, na kipindi kile mtandao unabeba kila kitu: bei ya mnada inaulizwa kijiji hadi kijiji, malipo yanaingia, mawakala wanahudumia watu kutwa nzima. Mtu amengoja mwaka mzima. Hakuna sababu ya kiufundi inayotosha kumzimia simu wiki ile malipo yanapoingia, hata kwa saa moja ya usiku.

Kundi la Masasi na Nanyumbu litafuata baada ya msimu. Kwa Nanyumbu, karibu na Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mpangilio wa namba za seli na majirani lazima ukamilike kwanza, nimeshapeleka jedwali letu. Kwa Masasi ukanda wa kinga tayari upo nusu, na utachorwa kwa ramani ya mwinuko tangu siku ya kwanza. Takwimu za saa ya pilika za Oktoba hadi Desemba zitahifadhiwa zote, sekta kwa sekta, kwa kuwa 2G ya kule itapimwa kwa mzigo wa msimu wa korosho.